Umeme Unaokushika Usiachie

Kituo cha kupozea umeme cha Njiro, Arusha, kinapokea njia ya kilovolti 220 kutoka Singida. Pale kila mtu anaogopa. Tunaouzoea ni wa nyumbani, volti 230. Sasa sikia: miaka ya 1940, California, Charles Dalziel aliwapima watu waliojitolea. Ukishika waya, ni mkondo gani unakuzuia kuachia? Kwa wanaume, wastani ulikuwa miliampia 16 tu, chini ya unaowasha balbu ya wati 5! Misuli inakaza, mkono unaganda. Mwaka 1961 akabuni kifaa kinachokata umeme ukivujia ardhini. Kwa hiyo fundi, usijidanganye kwamba utaachia haraka. Zima swichi kuu, ifunge, pima kwa testa, ndipo uguse.