"Nakwenda Kenya"

Kwa miaka mingi, mkazi wa Marsabit aliyepanda lori kwenda Nairobi aliwaaga wenzake hivi: "Nakwenda Kenya." Watu wa mjini hucheka wakisikia. Mimi sicheki, maana maneno hayo yamebeba historia ya barabara nzima.

Itazame njia yenyewe. Kutoka Isiolo hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ni kilomita 500 hivi. Ukivuka Mto Merille umeingia Kaunti ya Marsabit: Laisamis, Logologo, mji wa Marsabit mlimani, kisha jangwa la mawe la Dida Galgalu, Turbi, na hatimaye Moyale.

Je, ni mawe tu yaliyoirefusha safari hiyo? La. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kuyafunga maeneo ya mbali, na kaskazini ikafungwa. Kuingia na kutoka kukataka kibali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 vikazuka vita vya Shifta, na utawala wa hali ya hatari haukuondolewa hadi 1991. Abiria walisafiri juu ya mizigo ya malori, misafara ikisindikizwa na askari.

Lami ilianza kutandazwa Isiolo mwaka 2007, ikachukua takriban miaka kumi kufika Moyale. Safari ya kutwa nzima ikawa ya saa chache.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa mahali fulani hapastahili barabara kwa kuwa ni mbali, uliza kwanza: ni nani aliyepaweka mbali?