Kashasha Kabla ya Kicheko

Tafuta jina la Kashasha kwenye intaneti, utakutana na kicheko. Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95, na Machi shule ikafungwa. Mimi ni mtu wa Muleba, na naona kisa hicho kimefunika kingine kizito zaidi.

Shule ya wasichana ya Kashasha ilianzishwa na Barbro Johansson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Sweden aliyefika Bukoba mwaka 1946. Mwaka 1959 mwalimu huyo aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Waingereza walilijenga baraza hilo kwa mfano wa bunge lao, lakini uchaguzi wake waliuwekea sharti ambalo kwao halikuwapo: kura tatu. Kila jimbo lilitoa Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpigakura alilazimika kuchagua wote watatu.

Zuberi Mtemvu alilikataa jambo hilo, akajitoa TANU. Nyerere aliwashawishi wenzake Tabora, Januari 1958, washiriki. Kisha chama kikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliotaka uhuru. Mama Barbro aliingia kwa kiti cha Mzungu, akiwa upande wa TANU.

Hapo ndipo ninapokwama. Wanawake waliochaguliwa katika uchaguzi ule walikuwa watatu: yeye, Sophia Mustafa na Lady Chesham. Mwafrika hakuwamo. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi TANU, alisubiri hadi 1960. Masharti ya kupiga kura, kama vile kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya kutosha, yalikuwa yameshawaacha nje wanawake wengi wa Kiafrika.

Je, hilo linampunguzia Mama Barbro heshima? Kwangu, hapana. Elimu ilikuwa mojawapo ya vizuizi, na yeye alikuwa akikibomoa darasani kabla hajawa mwanasiasa. Baadaye alichukua uraia wa nchi hii, akaongoza Shule ya Wasichana Tabora.

Kwa hiyo ukisoma tena habari za wale wasichana 159, usiulize tu kwa nini walicheka. Uliza pia walifikaje darasani.