Gharama ya Kutofungamana: Tanzania na Mataifa Makubwa

Kutofungamana na upande wowote ni jambo jepesi kulitamka. Uzito wake hudhihirika siku mfadhili anapodai utii. Tanzania iliuonja uzito huo mapema.

Kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar ilikwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki, ilhali Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani ya Magharibi. Serikali ya Bonn haikuwa tayari kuona rafiki yake akiwatambua wote wawili. Mwalimu Julius Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi wa Mashariki uliokuwa Zanzibar ufungwe, na mahali pake pawe na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, pasipo utambuzi rasmi. Bonn haikuridhika. Mwaka 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi. Naye Nyerere akaitaka iondoe na misaada mingine ya serikali yake.

Mtihani wa pili ulifika mwaka huo huo. Tarehe 11 Novemba walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia wanachama wavunje uhusiano na Uingereza iwapo haitauzima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba. Wengi waliliafiki azimio, wachache wakalitekeleza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hao wachache, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968.

Uasi huo uliibana pia Zambia, ambayo shaba yake ilipitia reli ya Rhodesia. Nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli mpya. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Waliodai kuwa Tanzania imenunuliwa na Wakomunisti walisahau kwamba Kanada na Sweden ziliendelea kuisaidia.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1986, uchumi ukiwa taabani, Tanzania iliyakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ujasiri uliilinda sauti ya taifa. Mfuko wake ulibaki mikononi mwa wengine.