Helikopta Iliyokulia Chumbani

Kwa muda mrefu anga la nchi ya chai limekuwa mali ya watu wachache. Katika miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa chai Kericho walirusha mawinguni maroketi yenye baruti ili mvua ya mawe isichane majani, na baadaye zikaletwa ndege za kunyunyizia mawingu hayo iodidi ya fedha. Upande wa Narok, ng'ambo ya mto Amala, ndege ndogo zimepulizia dawa mashamba ya ngano. Kisha zikaja helikopta za kampeni, zikatua kwenye viwanja vya shule, zikatimua vumbi, zikamshusha mgombea na kuondoka naye kabla wazee hawajamaliza kusalimiana. Na tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho ilianguka Enoosupukia, Narok, ikawaua Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, pamoja na Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik. Mkazi wa Mulot, soko lililokaa mpakani mwa Bomet na Narok, amezoea kuiona mashine irukayo kama kitu cha tajiri, cha mkubwa au cha msiba. Helikopta ya kuchezea inayoenea kiganjani na kurushwa sebuleni haimo katika hesabu hiyo. Nadai kwamba inastahili kuwemo, na kwamba wanaoiona kuwa kivuli cha urushaji wa kweli wameipindua historia. Utulivu wa helikopta, yaani uwezo wake wa kusimama hewani na kumtii mwendeshaji, ulitafutwa na kuthibitishwa kwa kiasi kikubwa chini ya paa.

Ushahidi wa kwanza unatoka Berlin, na unatuhusu kwa namna ambayo Waswahili wengi hawajaisikia. Mnamo Februari 1938 rubani Hanna Reitsch alirusha helikopta aina ya Focke-Wulf Fw 61 ndani ya ukumbi wa Deutschlandhalle, usiku baada ya usiku, mbele ya maelfu ya watazamaji. Urushaji huo ulikuwa sehemu ya onyesho la kikoloni lililoitwa "Kisuaheli". Ujerumani ilikuwa imepokonywa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na serikali ya Hitler ilitaka raia wake waendelee kuililia. Kwa hiyo jina la lugha yetu lilibandikwa kwenye tamasha la propaganda, bila wenye lugha kuulizwa, na ndani yake dunia ikaona kwa mara ya kwanza helikopta ikirushwa ndani ya jengo. Ubaya wa shabaha ya onyesho hauondoi ukweli wa kiufundi uliodhihirika humo. Fw 61 ilikuwa imeshavunja rekodi nje, lakini rekodi za mwendo na kimo hazikumthibitishia mtu kwamba mashine hiyo inaongozeka. Ukumbi ndio uliothibitisha, kwa sababu ndani ya ukumbi hakuna pa kukosea. Reitsch alieleza baadaye kwamba injini ilipungukiwa nguvu ukumbi ulipofurika watu, ikabidi milango ifunguliwe hewa iingie. Maelezo hayo yatatufaa tutakapofika kwenye miinuko ya Kericho.

Ushahidi wa pili ndio mzito zaidi, kwa kuwa unahusu helikopta ndogo yenyewe. Mmarekani Arthur Young alianza kuunda modeli za helikopta mwaka 1928, akaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, sehemu ya kazi hiyo akiifanya ghalani huko Paoli, Pennsylvania. Hakuwa na kiwanda wala rubani. Alikuwa na mota za umeme, vipande vya mbao na uvumilivu, na kila modeli iliyoanguka aliiunda upya. Tatizo lililomsumbua lilikuwa moja: modeli ilipopaa ilianza kuyumba, kila yumbo likawa kubwa kuliko lililotangulia, hadi ikapinduka. Dawa aliyoipata ni fimbo fupi yenye vizito kwenye ncha zake, inayozunguka pamoja na pangaboi na kulirudisha sawa kila linapoinama. Mwaka 1941 aliipeleka modeli yake Buffalo, kwenye kampuni ya Bell, akairusha kwa kuiongoza akiwa pembeni, na kampuni ikampa mkataba. Mei 1944 helikopta ya majaribio iliyotokana na kazi hiyo, Bell 30, ilirushwa ndani ya ukumbi wa kijeshi mjini Buffalo mbele ya watazamaji. Tarehe 8 Machi 1946 mrithi wake, Bell 47, akawa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia Marekani. Fuata mpangilio huo: kwanza modeli ndogo ndani ya ghala, kisha mashine kubwa, kisha cheti.

Msomaji makini atanikumbusha Igor Sikorsky, ambaye VS-300 yake iliinuka mwaka 1939 uwanjani, nje, huku yeye mwenyewe akiwa kitini. Hoja hiyo ni ya haki, na siwezi kuikwepa kwa kusema kwamba helikopta zote zilizaliwa ghalani. Lakini majaribio ya mwanzo ya Sikorsky yalifanyika mashine ikiwa imefungwa kamba na vizito ili isipinduke, na mpangilio wake wa vipangaboi vya mkiani ulibadilishwa tena na tena kabla haujakubali. Alitafuta kwa gharama ya kiwanda kizima kile ambacho Young alikipata kwa modeli. Ni kweli pia kwamba helikopta za kuchezea zilipoanza kuongozwa kwa redio, kazi iliyofanikishwa na Mjerumani Dieter Schlüter mwishoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa kubwa, zenye injini za mafuta, za kurushwa uwanjani tu, na ghali mno. Ilipita miongo kadhaa kabla hazijarudi chumbani. Kilichozirudisha ni betri nyepesi za lithiamu na mota ndogo kama zile zinazotikisa simu. Mwaka 2006 kampuni ya Silverlit ya Hong Kong ilitoa Picoo Z, iliyobuniwa na Mbelgiji Alexander Van de Rostyne, yenye uzito wa takriban gramu 10. Zipo pia za mapangaboi mawili yanayozunguka kinyume, moja juu ya jingine, ili kila moja lifute nguvu ya mwenzake ya kuizungusha helikopta. Atakayeitazama vizuri helikopta ya namna hiyo ataona juu ya pangaboi la pili kijifimbo chenye vizito kwenye ncha. Hicho ni kizazi cha moja kwa moja cha fimbo ya Young, sasa kikiuzwa pamoja na waya wa kuchaji.

Chumba nacho kina historia yake, na hapa Bomet na Kericho zinasema jambo ambalo Berlin na Buffalo haziwezi kusema. Nyumba ya zamani ya Wakipsigis, ya mviringo, yenye paa la nyasi na moto katikati, ilijengwa kwa busara kwa ajili ya baridi ya miinuko, lakini isingeweza kumpokea mrukaji wa aina hii: moshi, nguzo na joto la moto vingemwangusha mara moja. Sebule ya pembe nne yenye mabati, dirisha la kioo na umeme ni matunda ya mabadiliko marefu. Kilimo cha chai cha makampuni kilianza Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai yake. Mwaka 1964 iliundwa KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo; wakulima hao wakaja kupata bonasi, na bonasi ikageuka mabati, saruji na karo. Umeme ulikuja polepole zaidi. Hospitali ya Tenwek ilijizalishia wake kwenye maporomoko ya mto Nyangores tangu mwaka 1987, ilhali vijiji vingi vilisubiri hadi mpango wa serikali wa kusambaza nyaya ulioanza mwaka 2015. Mulot iko ukingoni mwa nchi ya chai, penye mahindi na ng'ombe zaidi ya majani mabichi, lakini nyumba zake zimefuata mkondo huohuo. Kwa hiyo chumba kinachofaa kurushia helikopta ni kitu kipya huku, kilicholipiwa kwa jasho la vizazi viwili.

Tena chumba ndipo mahali pake kwa sababu za kimaumbile. Nchi ya chai iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Pangaboi lililotengenezwa kwa hewa ya pwani ya China linapata kidogo cha kusukuma, kama injini ya Reitsch katika ukumbi uliojaa. Ongeza upepo wa alasiri na mvua ya mawe ileile iliyofukuziwa maroketi, na utaelewa kwamba gramu 10 hazina maisha nje. Hata jua ni adui, kwa kuwa nyingi kati ya helikopta hizi huongozwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, sawa na rimoti ya televisheni, na mwanga wa jua huumeza. Ndani, mambo yanageuka darasa. Karibu na sakafu hewa inayosukumwa chini huzuiwa na sakafu, pangaboi likainua kwa urahisi zaidi, hivyo helikopta inaonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Ikikaribia ukuta, hewa ile huzunguka na kuivuta kuelekea ukutani. Ikikaribia dari hunyonywa na kugonga. Rubani wa helikopta kubwa hukutana na baadhi ya mambo hayo anapotua kwenye korongo au kando ya jengo, na mtoto anayejifunza kuyatambua kwa vidole kabla ya kuyasoma kitabuni amepata elimu halisi.

Wapo watakaosema kwamba hiki ni kitu cha kuagizwa, hakina uhusiano na utamaduni wa hapa. Lakini chai nayo iliagizwa, na leo hakuna anayeiita ngeni. Tena watoto wa huku walikuwa wakitengeneza vipangaboi vya majani vilivyochomekwa kwa mwiba na kukimbia navyo dhidi ya upepo zamani kabla betri hazijafika. Hoja nyingine ni chungu zaidi. Kwa miaka kadhaa jina la Mulot limetajwa na polisi na magazeti pamoja na ulaghai wa laini za simu, na wapo wanaoona kwamba kijana wa huko hahitaji kifaa kingine cha kielektroniki mkononi. Naikataa hoja hiyo kabisa. Wakazi wengi wa Mulot hawajamwibia mtu, na jina la soko lao limechafuliwa na wachache. Kipaji kikikosa kazi halali kitajitafutia nyingine. Fundi wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha betri ya helikopta, kuunga waya wa mota na kumweleza mtoto kwa nini betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena, kwani inaweza kuwaka. Nao wanaosema droni zimeifanya helikopta ndogo ipitwe na wakati wasisahau jambo moja: droni za leo husimama zenyewe kwa kompyuta, na urushaji wake nje nchini Kenya unasimamiwa na kanuni za mwaka 2020 za mamlaka ya usafiri wa anga, zenye usajili na vibali. Mtoto wa darasa la saba hawezi kuanzia huko.

Anaweza kuanzia shuleni kwake. Shule za sekondari msingi zilizoanza mwaka 2023 zina somo la ufundi wa awali, na nyingi hazina karakana. Lakini shule za Mulot na vitongoji vyake zina vyumba vya madarasa, na baadhi zina kumbi. Walimu wavisogeze viti Jumamosi, wafunge madirisha, wamkabidhi kila mwanafunzi rimoti kwa zamu, na wamtake aeleze kwa maneno yake kwa nini helikopta ilivutwa na ukuta. Wazazi wachangie betri za akiba, kwa sababu moja ikichajiwa hutoa dakika chache tu hewani.