Kufunga choo kwa muda mrefu na kujichafua kwa watoto wadogo

Kufunga choo kwa muda mrefu, au uyabisi wa tumbo, ni hali ambayo mtoto hupata haja kubwa kwa nadra, kwa uchungu, au kwa choo kigumu na kikubwa, kwa mwezi mmoja au zaidi. Kujichafua ni kutokwa na kinyesi nguoni bila kukusudia kwa mtoto aliyefikia umri wa kutumia choo, ambao kitabibu huhesabiwa kuanzia miaka 4. Mara nyingi mambo haya mawili ni tatizo moja: wengi wa watoto wanaojichafua wamefunga choo, hata pale ambapo mzazi huona kinyesi chepesi tu. Makala hii inaeleza hali hiyo na tiba yake kwa kuangalia mazingira ya Eldoret, makao makuu ya kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024.

Ulimwenguni, takriban mtoto mmoja kati ya kumi hupatwa na hali hii. Kati ya watoto 100 wanaofunga choo, wapatao 95 hawana ugonjwa wowote wa utumbo, neva au homoni. Tatizo lao huanza na maumivu, na huendelezwa na mazoea ya kuibana haja.

JINSI HALI INAVYOANZA

Puru ndiyo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kinyesi kikifika hapo, ukuta wake hutanuka na mtoto huhisi haja. Akiibana, hisia hiyo hupoa baada ya dakika chache, lakini kinyesi hubaki, na utumbo huendelea kukifyonza maji. Kesho yake kinakuwa kikavu na kikubwa zaidi. Kikitoka huuma, na pengine huchana ngozi na kuacha damu kidogo. Mtoto akishaonja uchungu huo, haja inayofuata huibana kwa nguvu zaidi, na choo kinachobanwa huzidi kuwa kigumu.

Vipindi vitatu huwa na hatari zaidi. Cha kwanza ni pale mtoto anapoanza kula, akiwa na miezi 6, na uji au maziwa ya ng'ombe yanapochukua nafasi ya ziwa la mama. Cha pili ni pale anapofundishwa kutumia choo, kati ya miaka 2 na 3, hasa akiharakishwa au kukemewa. Cha tatu ni kuanza shule ya chekechea, PP1, akiwa na miaka 4, anapokutana na choo kigeni chenye foleni na kisicho na faragha. Homa iliyomkausha maji mwilini au safari ndefu pia yaweza kuanzisha tatizo.

Uasin Gishu ni kaunti ya mahindi na maziwa, na mlo wa mtoto hufuata mkondo huo. Ugali wa unga uliokobolewa hauna makapi mengi, na mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa kwa siku hushiba kabla hajagusa mboga. Mazingira ya choo nayo yana uzito. Katika mitaa kama Langas, Huruma na Munyaka, nyumba nyingi za kupanga hutumia choo kimoja cha shimo. Kwa mtoto wa miaka 3, tundu pana na lenye giza linatisha, na kutoka nje alfajiri kwenye mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari ni kutoka kwenye baridi kali. Kubana haja huwa rahisi kuliko kwenda.

KWA NINI MTOTO HUJICHAFUA

Puru iliyokaa imejaa kwa wiki au miezi hutanuka na kulegea, kama lastiki ya soksi iliyovutwa mno. Haiwezi tena kusukuma vizuri wala kumjulisha mtoto kwamba haja imefika. Kinyesi chepesi kutoka juu hupenya pembeni mwa bonge lililokwama na kuvuja kwenye chupi, mara kadhaa kwa siku. Mtoto hahisi kikitoka, na mara nyingi hata harufu haisikii kwa sababu ameizoea.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mzazi huona uchafu mwepesi na kudhani mtoto anaendesha, kisha hununua dawa ya kuzuia kuhara. Mwingine huona ukaidi, akachapa. Dawa ya kuzuia kuhara huongeza mrundikano, na kiboko huongeza woga wa choo.

Wapo wachache wanaojichafua bila kufunga choo. Tumbo lao halina bonge na choo chao ni cha kawaida. Hao hawafaidiki na dawa za kulainisha choo; huhitaji ratiba ya chooni na uchunguzi wa hali yao nyumbani na shuleni. Mtoto anayeanza kujichafua ghafla, akawa na woga wa mtu au mahali fulani, achunguzwe pia kama amedhulumiwa. Simu ya bure ya watoto nchini Kenya ni 116.

DALILI

Mtoto anayebana haja husimama kwa ncha za vidole, hukaza matako, hupishanisha miguu, hujificha nyuma ya mlango au kiti, na uso humwiva. Wazazi wengi hufikiri anasukuma, kumbe anazuia. Dalili nyingine ni maumivu ya tumbo yanayopungua baada ya haja, kukosa hamu ya kula, choo kikubwa kupita umri wake, na madoa nguoni. Puru iliyojaa hukandamiza kibofu, hivyo mtoto anaweza kukojoa kitandani au kupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa hata wiki nzima bila haja kubwa. Ikiwa ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, na choo kinapotoka ni laini, hajafunga choo.

UTAMBUZI

Vigezo vinavyotumika zaidi duniani ni vya Roma IV, vilivyotolewa mwaka 2016. Mtoto huhesabiwa kuwa amefunga choo akiwa na angalau mawili kati ya haya kwa mwezi mmoja: haja kubwa mara mbili au pungufu kwa wiki, tabia ya kubana, choo kigumu au chenye uchungu, choo kikubwa sana, bonge la kinyesi kwenye puru, na kwa aliyekwisha kujua kutumia choo, kujichafua angalau mara moja kwa wiki. Umbo la choo hulinganishwa na chati ya Bristol ya mwaka 1997 yenye aina 7: aina ya 1 ni vidonge vikavu kama vya mbuzi, na ya 7 ni maji matupu.

Kwa kawaida maelezo ya mzazi na kupapasa tumbo hutosha. Picha ya eksirei haihitajiki kwa kila mtoto.

Dalili zifuatazo zinataka mtoto afikishwe kwa daktari wa watoto bila kusubiri:

– choo cheusi cha kwanza kilichochelewa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa;
– kufunga choo tangu wiki za kwanza za maisha;
– tumbo kuvimba sana, au kutapika nyongo ya kijani;
– kutoongezeka uzito;
– miguu dhaifu, au kishimo au kishungi cha nywele kwenye kiuno;
– njia ya haja kubwa iliyo mahali pasipo pake au iliyo nyembamba mno;
– homa, au damu nyingi kwenye choo.

Miongoni mwa magonjwa yanayotafutwa ni la Hirschsprung, lililopewa jina la daktari wa Denmark aliyelieleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, ambaye huzaliwa bila neva kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo, na hutibiwa kwa upasuaji. Mengine ni mgongo wazi, upungufu wa homoni ya tezi shingo, na sumu ya madini ya risasi.

MATIBABU

Kuondoa mrundikano. Hatua ya kwanza ni kuiondoa shehena iliyokwama. Dawa ya kila siku haiwezi kufanya kazi juu ya puru iliyojaa. Miongozo ya madaktari wa tumbo wa watoto wa Ulaya na Marekani Kaskazini ya mwaka 2014 huweka mbele polietileni glikoli, poda inayoyeyushwa kwenye kinywaji, kwa gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 3 hadi 6. Kwa mtoto wa kilo 16 hiyo ni gramu 16 hadi 24 kwa siku. Pale isipopatikana, hospitali yaweza kutumia dawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Katika siku hizo kujichafua huongezeka, na mzazi aambiwe mapema ili asikatize dawa. Likizo za Aprili na Agosti hufaa kwa kazi hii ikiwa zi karibu.

Kudumisha. Baada ya puru kuwa tupu, dawa huendelea kila siku ili choo kitoke laini bila uchungu. Polietileni glikoli huanzia gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, kisha hupandishwa au kushushwa kati ya 0.2 na 0.8. Laktulosi ndiyo mbadala. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 hupewa kwa kawaida mililita 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Dawa hutumika kwa angalau miezi 2, na hupunguzwa polepole baada ya dalili kutoweka kwa mwezi mzima. Kuikatiza baada ya wiki moja kwa sababu mtoto "amepona" ndiyo njia ya kawaida ya tatizo kurudi. Dawa hizi mbili hazilevyi utumbo wala haziufanyi mvivu.

Kikao cha chooni. Kula huamsha mwendo wa utumbo, kwa hivyo mtoto aketishwe chooni dakika 5 hadi 10 baada ya staftahi na chakula cha jioni. Miguu ikanyage sakafu au kigoda, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni mkao mzuri, mradi mtoto ashikwe mkono na awekewe taa. Anayeogopa tundu atumie poti kwanza. Asifiwe kwa kuketi, hata kama hakikutoka kitu. Mtoto ambaye bado anaumia asifundishwe kuacha nepi. Maumivu yaishe kwanza.

Daftari. Mzazi huandika tarehe, umbo la choo, kujichafua na kipimo cha dawa. Ukurasa huo humsaidia daktari kurekebisha kipimo.

Chakula na vinywaji. Mtoto ale mlo wenye makapi ya kawaida: managu, saga, kunde, sukuma wiki, maharagwe, githeri laini, viazi vitamu, papai, parachichi, uji wa wimbi na ugali wa unga wa posho usiokobolewa. Anywe maji anapohisi kiu na kwenye kila mlo. Lakini kumlazimisha kunywa maji kupita mahitaji yake au kumrundikia makapi hakuondoi bonge lililokwama. Chakula husaidia kuzuia, na hakichukui nafasi ya dawa.

Tiba za kuepuka. Maji ya sabuni, pilipili au mitishamba yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa huunguza utumbo. Mafuta ya nyonyo husokota tumbo na kumwongezea mtoto woga wa choo. Senetwet, mti ambao mkaa wake hutumiwa na Wakalenjin kwenye vibuyu vya mursik (maziwa yaliyochachuka), ni wa jamaa moja na sena ya maduka ya dawa; majani na mizizi yake huharisha kwa nguvu, na ikizidi ni sumu. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1.

SHULENI

Mwalimu wa PP1 na PP2 ni sehemu ya matibabu. Mtoto aruhusiwe kwenda choo wakati wowote bila kuomba mbele ya darasa, na awe na nguo za akiba kwenye mkoba. Akijichafua, asafishwe faraghani. Kumwadhibu kwa kiboko ni kinyume cha Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

HUDUMA ELDORET

Kwa mtoto asiye na dalili za hatari, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako anapimwa uzito na kupapaswa tumbo. Waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huhudumiwa katika ngazi hizo bila malipo. Asiyepata nafuu, au mwenye dalili za hatari, hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo na leo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya magharibi mwa Kenya. Kitengo chake cha watoto ni Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Mzazi aende na kijitabu cha mama na mtoto, daftari la choo, na majina ya dawa zote alizokwisha kumpa.

MATARAJIO

Takriban nusu ya watoto wanaotibiwa na wataalamu hupona na kuacha dawa ndani ya miezi 6 hadi 12. Waliobaki huhitaji muda zaidi, na kurudia kwa tatizo ni jambo la kawaida linalotibiwa kwa hatua zilezile. Watoto wanaopata tiba mapema hupona kwa wingi kuliko waliocheleweshwa. Kwa hivyo mtoto anayepata haja kwa uchungu kwa mwezi mzima, au anayechafua chupi baada ya kutimiza miaka 4, apelekwe kupimwa tumbo kabla ya kununuliwa dawa yoyote ya kuhara.