Yatima wa kwenye listi

Ndugu wa asosiasyo, mwaka uliopita nilipata kazi ya miezi mitatu Kabare: kuandika watoto yatima, ili shirika moja liwape mbegu za maharagi, jembe, na minervali kwa wale wa sekondari. Fishi yangu iliuliza kama baba na mama wako hai. Basi.

Siku moja koko mmoja akaniletea kijana wa miaka 12 hivi. Jirani akasema: "Huyu haiko yatima, iko na baba yake mudogo." Koko akamujibu: "Baba mudogo ule ndiye alikamata shamba." Nikamwandika kijana, mbegu zikafika mbele ya sezoni A. Hawakuwa na pa kuzipanda. Walizipika. Mu raporti niliandika "zimepandwa", juu kwenye raporti hapakuwa nafasi ya neno lingine.

Tangu pale nimekuwa nikisoma historia ya hii neno "yatima" kwetu. Iko ya zamani kuliko mashirika ya leo. Dekreti ya tarehe 12 Julai 1890, wakati wa Léopold II, iliipa serikali ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani, walioachwa na walio yatima. Wakawekwa katika koloni za shule, Boma na Nouvelle-Anvers, na wavulana wengi wakatoka pale kuwa askari. Tarehe 4 Machi 1892 dekreti ingine ikawapa mamisioni haki kama hiyo.

Wajezuiti wa Kisantu, huko Bas-Congo, ndio walioitumia kwa namna inayonigusa mimi wa agronomia: mashamba-kapela. Kundi la watoto pamoja na katekista, wanalima, wanafuga, wanasoma katekismu. Kwa upande wa kilimo, kazi haikuwa mbaya. Lakini Tume ya uchunguzi iliyotumwa mwaka 1904 iliandika, mu raporti ya 1905, kwamba wengi wa wale watoto hawakuwa yatima hata kidogo. Waliombwa kwa machefu, na machefu hawakuthubutu kukatala. Mzungu alihesabu baba na mama. Ukoo ulihesabu baba wadogo, wajomba, shangazi. Mtoto aliye na watu wake akawa yatima kwa kalamu.

Kwetu Kivu, kisha 1994 na vita vya 1996 na 1998, kalamu ilirudi na nia nzuri zaidi. Mavituo yalijaa. Baadaye mashirika mengi yakaona ni heri mtoto abaki mu familia, na msaada umufuate kule: minervali, chakula, mbuzi ambaye mtoto wake wa kwanza anapewa jirani. Mimi naunga mkono hiyo. Mbuzi anaweza kula kando ya barabara. Maharagi hayawezi.

Na hapo ndipo tunakwama. Katika Bushi baba aliyelipa kalinzi kwa mwami alipata udongo ambao watoto wake wanariti. Asiye na kalinzi analima kwa bwasa, sezoni kwa sezoni, na anaweza kuondolewa. Baba akikufa, ndugu yake anasema "ninawachungia watoto", na kisha miaka michache kalinzi inageuka kuwa yake. Kodi ya familia ya 1987 inaweka watoto mbele kabisa kati ya wariti. Lakini nani atapeleka mtoto wa miaka 12 tribinali, na kwa transporti gani? Sijaona projeti nyingi zenye mstari wa bajeti kwa hiyo, hata kama kupima shamba mbele ya chefu na mashahidi kunagarimu kidogo kuliko jipu ya projeti kwa juma moja.

Tume ya 1904 ilikuta watoto wenye watu wakiitwa yatima. Mimi nilikuta mwenye shamba akipewa mbegu kama asiye na kitu.

Mwezi wa tisa nilipita pale tena. Shamba la marehemu lilikuwa na mihogo mizuri, ya baba mudogo. Kijana alikuwa anaipalilia, analipwa kwa siku.