Mmoja Katika Kumi: Asili na Matumizi ya Kitenzi "Decimate"

Katika darasa letu la tafsiri, mwanafunzi mmoja alisoma habari za sotoka iliyowapata ng'ombe wa Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwandishi wa kitabu, akieleza maafa hayo kwa Kiingereza, alitumia kitenzi "decimate". Mwanafunzi akafungua kamusi, akaona asili ya neno, akaandika: "Sotoka iliua ng'ombe mmoja katika kila kumi." Aliifuata asili kwa uaminifu, lakini historia akaipindua.

Kitenzi hicho kimetoka katika Kilatini, na Kilatini kilikipata jeshini. Kikosi cha Roma kilichokimbia vita kiligawanywa makumi makumi. Watu wa kila kumi wakapigiwa kura, na aliyeangukiwa na kura akauawa. Katika vita vya watumwa waliomfuata Spartacus, vya mwaka 73 hadi 71 kabla ya Kristo, jemadari Crassus aliirudisha adhabu hiyo iliyokuwa imeachwa siku nyingi. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, asimulia kwamba askari 500 waligawanywa mafungu 50, na kila fungu likatoa mtu mmoja wa kuuawa.

Waingereza walilipokea neno pamoja na hesabu yake. Hata kodi ya Cromwell ya mwaka 1655, iliyowatoza wafuasi wa mfalme sehemu moja ya kumi ya mapato yao, ilipewa jina la asili hiyo hiyo. Lakini katika karne hiyo hiyo ya 17 neno lilianza kutumika kwa maangamizi makubwa yasiyo na hesabu, na leo hiyo ndiyo maana yake ya kawaida. Wapo wanaoshikilia ile ya kwanza na kuwalaumu wenzao. 

Basi asili na ifundishwe, kwani yatuonyesha neno lilikotoka. Lakini maana tuitafute katika matumizi. Mahali pengi katika Afrika ya Mashariki sotoka ile iliua karibu ng'ombe tisa katika kila kumi, na njaa ikafuata. Yule mmoja ndiye aliyesalia. Tulipomweleza hayo, mwanafunzi wetu alifuta sentensi yake, akaandika: "Sotoka iliwapukutisha ng'ombe wa Wamasai." Hapo tukampa alama zake zote.